Ufagio Ndani ya Simu ya Mama

Mimi ni mtu wa kufunga vitu. Mlango nikishaufunga narudi kuusukuma, nione kama umefungika kweli. Chupa ya wino naikaza mpaka mwenzangu hawezi kuifungua. Lakini ni kwenye simu ambako ugonjwa huu ulijionyesha wazi zaidi. Nikimaliza kusoma ujumbe siwezi kuiweka simu chini kabla sijafunga kila programu niliyoigusa. Nabonyeza pale chini, vidirisha vyote vinatokea vimepangana kama sahani kabatini, nami navisukuma juu kimoja kimoja mpaka kioo kibaki kitupu. Kikiwa kitupu napumua. Kisha nakumbuka kulikuwa na jambo nilitaka kuangalia, nafungua tena, na nafunga tena.

Mambo ya simu sikuyasomea. Nilijifunza mwenyewe, kwa kutazama video na kwa kuharibu simu yangu ya kwanza. Nina kibanda Kibiti, si mbali na stendi, chenye kompyuta moja na mashine ya kutoa nakala. Watu walikuja kuchapiwa barua za kuomba kazi, na wakiwa wanasubiri wakaanza kunipa na simu zao. "Binti, hebu nitazamie hii, imekuwa nzito." Kila aliyesema simu yake ni nzito nilimwekea programu ya kufagia.

Programu hizo ziko nyingi na zote zina picha ya ufagio au ya roketi. Kazi yake ni kuua programu nyingine zilizobaki wazi nyuma ya kioo, zile ambazo mwenye simu ameshazisahau. Unabonyeza ufagio, mduara unazunguka, halafu yanatokea maandishi ya kukupongeza. Nilikuwa naipenda sana ile pongezi. Ukitaka, unaweza kuiamuru ifagie yenyewe kila kioo kinapozimika, na mimi nilikuwa naiamuru hivyo kwenye kila simu. Niliamini kabisa kwamba simu iliyofagiliwa inakaa na chaji kuliko simu chafu. Hakuna aliyeniambia hivyo. Niliona tu kwamba haiwezekani usafi uwe na hasara.

Mwaka huo mpunga ulipoanza kuingia maziwa, shangazi yangu alinipigia simu.

Shangazi ni dada yake marehemu baba. Shamba lake na la mama yamepakana kule bondeni, upande wa Ngorongo, yametenganishwa na tuta ambalo kila mmoja anadai analipalilia yeye peke yake. Msimu wa kuamia kila mmoja huhamia kwenye dungu lake, kibanda cha juu ya miti ambacho mtu anakaa kutwa akitazama mpunga na kufukuza ndege. Mpunga ukiingia maziwa, punje inakuwa laini, na kwelea na minana huijua siku hiyo kuliko mwenye shamba. Kuanzia hapo mpaka mavuno ni kelele.

"Binti," shangazi alisema, "mama yako hana sauti."

"Anaumwa?"

"Haumwi. Ubwabwa anaushindilia kama kawaida. Ila akifungua mdomo, hakuna kitu. Alipata mafua, akapiga kelele juu ya mafua. Nesi wa zahanati kamwambia anyamaze, hata kunong'ona asinong'one. Sasa nani ataamia?"

"Hana debe?"

"Analo. Analipiga. Ndege wa kwenye kona ya mto wanamsikia kama mtu anatwanga kijiji cha pili. Njoo."

"Shangazi, nina kazi."

"Kazi ya karatasi. Waambie hao karatasi wakusubiri, ndege hawasubiri."

Nilimwambia nitaona. Ukweli ni kwamba kazi haikuwa sababu. Kibanda ningeweza kukifunga. Ningekifunga na kurudi kukisukuma mara kadhaa, lakini ningekifunga. Sababu ni kwamba siwezi kupiga kelele. Sijui wengine wanafanyaje. Mimi bodaboda namwita kwa kunyoosha mkono, na asiponiona natembea. Nikiwa mdogo nilipelekwa kuamia, na nilikuwa naona aibu mbele ya ndege. Nilihisi kwamba nikipaza sauti, bonde zima litageuka na kusikiliza kama nimeitoa vizuri.

Na wakati huohuo nilijua mpunga ule ni nini. Ni chakula cha mama cha mwaka mzima, na sehemu yake huwa inakuja Kibiti ikiwa imeandikwa jina langu kwa kalamu nyeusi kwenye gunia. Ndege wakishuka kwenye shamba ambalo halina mtu wa kupiga kelele, wanaacha mashuke yamesimama wima, meupe, matupu. Ukilitazama kwa mbali utadhani ni shamba.

Ndipo nikakumbuka jumbe za sauti.

Mama hapendi kuandika. Misimu iliyopita, kabla simu yake kubwa haijaharibika, alikuwa akinitumia jumbe za sauti kutoka dunguni, na kila ujumbe ulikuwa na mahali ambapo anakatisha habari, anageuza uso, na kuwapigia ndege ukelele, kisha anarudi kwangu kwa sauti ya upole kana kwamba hakuna kilichotokea. "Basi nikamwambia mwenyekiti, ule mkutano... Haya! Hooo! Mmelima nyinyi? Mmepalilia nyinyi?... ule mkutano tutakuja sote." Sikuwahi kuzifuta. Nafunga programu, lakini jumbe za mama sifuti.

Nikakaa kibandani, wateja wakiwa hawapo na umeme ukiwepo, nikaanza kukata. Nilitoa ukelele mmoja baada ya mwingine, nikauunga na mwenzake. Nilikuwa nimejifunza programu ya kukata sauti kwa ajili ya matangazo ya duka la mteja mmoja, na sikuwahi kufanya kazi kwa uangalifu kama huo. Niliondoa upepo. Niliondoa kikohozi. Niliondoa mahali ambapo mama, baada ya kuwatukana ndege, aliendelea kidogo na kumsema shangazi. Nikapanga: kwanza ule wa kuuliza nani amelima. Halafu, "Mlikuwa wapi maji yalipojaa?" Halafu, "Mnakula hata bismillahi hamsemi!" Halafu ule ninaoupenda mimi, "Matumbo kama kidole, ulaji kama wa harusi!" Wa mwisho ukawa "Nendeni kwenu mkalime!", kisha ukimya mfupi, kisha unaanza upya. Nilisikiliza kila kiungo mpaka nikawa najua mama anavutia pumzi wapi.

Nilichukua simu yangu ya zamani, nikanunua spika ndogo yenye waya, nikajiandaa kama mtu anayepeleka mahari. Tatizo lilikuwa chaji. Bondeni hakuna umeme; simu hupelekwa kijijini kwenye sola ya mwenye duka na hurudi kesho yake. Kwa hiyo nikaisafisha simu kama sijawahi kusafisha simu. Nikafuta kila kisichohitajika, nikaweka programu ya kufagia, nikaiamuru ifagie kila kioo kinapozimika. Nilitaka ndani ya simu ile asibaki mtu yeyote isipokuwa mama.

Nikafunga kibanda, nikaenda. Ikwiriri nikachukua bodaboda. Mama nilimkuta juu ya dungu, debe mapajani, mdomo umefungwa kwa upande wa khanga ili asijisahau. Alinikumbatia bila neno. Nilimwonyesha simu. Nikafunga spika kwenye mguu wa dungu kwa kamba, nikabonyeza.

Mama alipojisikia akiuliza nani amelima, alishika kifua. Kundi la kwelea lililokuwa limetua katikati likanyanyuka kama shuka iliyokung'utwa. Mama akanitazama, akatikisa kichwa taratibu, kile kitikiso cha mtu anayekubali jambo ambalo bado hajaamua kulipenda.

Shangazi hakuwepo, alikuwa ameenda kijijini asubuhi. Aliporudi na kupanda dungu lake alisikia sauti ya wifi yake ikivuma bondeni, akafurahi.

"Wifi!" aliita. "Umepona! Alhamdulillahi!"

"Nendeni kwenu mkalime!" spika ikajibu.

Shangazi akasimama kwenye dungu lake.

"Wifi, ni mimi!"

"Mmelima nyinyi? Mmepalilia nyinyi?"

"Nimepalilia mpaka tuta lako, ila basi tu!"

"Matumbo kama kidole, ulaji kama wa harusi!"

Shangazi alikuja kwa miguu juu ya tuta, khanga kiunoni. Alimkuta mama amesimama, mdomo umefungwa, akipunga mikono yote miwili kama anayezuia basi. Ilibidi nieleze mimi. Shangazi alisikiliza, akaizunguka spika, akaichungulia kwa mbele na kwa nyuma.

"Kumbe ndiyo hii," alisema. "Inatukana vizuri. Lakini haina adabu."

"Kwa nini, shangazi?"

"Ndege ukiwafukuza wanakwenda kwa jirani. Unamwambia. 'Wanakuja kwako!' Ajiandae. Hii inawafukuza, inaniletea, inanyamaza. Ndivyo tulivyokulea?"

Hilo sikulifikiria. Katika jumbe zile mama hakuwa akimwambia mtu ndege wanakuja, au alimwambia nami nikakata kwa kudhani ni kelele tu. Nilimwahidi shangazi nitalirekebisha. Mchana ule wote nilikaa chini ya dungu na simu mkononi, nikiigusagusa kuangalia kama inaendelea, chaji imefikia wapi, sauti iko sawa. Iliendelea vizuri sana. Kabla jua halijashuka nikapanda bodaboda nikarudi Kibiti, na njiani niliona nimefanya jambo la maana.

Kosa lilikuwa hapohapo. Kwa kuwa nilikuwa na wasiwasi nilikigusa kioo kila mara, na kwa kuwa nilikigusa kila mara hakikuzimika, na kwa kuwa hakikuzimika ufagio haukuamka. Wasiwasi wangu ndio ulioendesha mashine siku ile. Nilipoondoka, niliondoka nao.

Siku zilizofuata nilizungumza na mama kwa kitochi, simu ndogo ya vitufe aliyobaki nayo. Mazungumzo yetu yalikuwa hivi: mimi nauliza, yeye anagonga simu kwa ukucha. Akigonga mara moja ni ndiyo, mara mbili ni hapana.

"Sauti inakatika?"

Akagonga mara moja.

"Simu inazimika kabisa?"

Mara mbili.

"Chaji inaisha mapema?"

Alikawia. Kisha mara moja, polepole.

Nilikuwa nimemuuliza swali nililotaka kujibiwa. Kama chaji inaisha, basi simu ni chafu. Kuna kitu kimebaki wazi humo ndani nilichosahau kukifunga. Nililala vibaya nikikifikiria kitu hicho. Nikampigia tena, nikamwambia: kila sauti inapokatika, mama, kabla hujaiwasha tena, bonyeza ufagio kwanza. Halafu nikamwelekeza, hatua kwa hatua, naye akinigongea ndiyo na hapana, mpaka akaibadilisha programu ile kutoka kufagia kwa kawaida kwenda kufagia kwa nguvu.

Mama ni mtiifu kwa mambo asiyoyajua. Alifagia. Inakatika, anashuka, anafagia, anawasha, anapanda, inakatika. Shangazi aliniambia baadaye kwamba kutoka kwake lilionekana kama zoezi la jeshi.

Halafu shangazi akanipigia.

"Binti. Kona ya mto imekwenda."

"Imekwenda wapi?"

"Tumboni."

Nilifunga kibanda na sikurudi kukisukuma.

Nilipofika nilikwenda kwenye kona ya mto kabla ya kumsalimia mtu. Mashuke yalikuwa yamesimama. Nililishika moja nikalibinya, likasinyaa kati ya vidole kama karatasi. Nikabinya jingine. Nilifanya hivyo kwa mashuke mengi kuliko ilivyohitajika, maana mimi nina tabia ya kuhakikisha. Sehemu iliyobaki ya shamba, ile kubwa, ilikuwa bado nzima, imeinamisha vichwa, imejaa. Mambo ya ndege ni kwamba wakishapajua wanarudi.

Mama alikuwa dunguni. Alinipokea kwa kunishika mkono na kuugeuza, akaona maganda vidoleni, akayapangusa kwa khanga yake. Hakuwa na hasira. Ningependelea hasira.

Nilipanda, nikaiweka simu juu ya mkeka katikati yetu, nikaiwasha. Nikajizuia kuigusa. Nawaambia ukweli, ni kazi ngumu. Nilikalia mikono. Mama alikuwa akinitazama mimi, si simu. Sauti yake ikaanza kule chini kwenye spika, safi, bila upepo, bila kikohozi.

"Mmelima nyinyi? Mmepalilia nyinyi? Mlikuwa wapi maji yalipojaa?"

Kioo kikafifia. Kikazimika.

"Mnakula hata bismi..."

Kimya.

Niliiokota nikawasha kioo. Katikati yake kulikuwa na maandishi: nimefanikiwa kuondoa programu isiyotumika, simu yangu sasa ni nyepesi, hongera.

Nilikaa nimeishika. Programu isiyotumika alikuwa mama. Ufagio ulikuwa haujui tofauti kati ya kitu kilichosahauliwa na kitu kinachofanya kazi nyuma bila kutazamwa. Kwa ufagio, kama hukitazami, hukihitaji. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeuchagua kwa sababu mimi nami naona hivyohivyo.

Mama alinigonga bega. Alionyesha kwa kidole. Upande wa mto anga ilikuwa imeingia madoa, na madoa yalikuwa yanashuka, si kwenye ile kona tena. Pale palikuwa pamekwisha. Yalikuwa yanakuja kwenye mpunga mzima.

Nilibonyeza. Programu ya kucheza sauti ilikuwa imeuawa kwa nguvu, kwa hiyo ilianza kufunguka upya tangu mwanzo, taratibu, kama mzee anayeamshwa. Mduara ukazunguka. Mama akaanza kupiga debe. Kisha akashusha khanga mdomoni, akavuta pumzi, na nikaona kwamba anataka kupiga kelele, kwa koo lile lile aliloambiwa asinong'one nalo.

Nikasimama.

Sauti ya kwanza iliyonitoka ilikuwa, "Jamani, ondokeni basi!"

Kutoka dungu la jirani shangazi akauliza, "Nani huyo anawabembeleza?"

"Ni mimi, shangazi!"

"Unaongea na ndege au na wakwe zako?"

Kwelea wa kwanza walikuwa wameshatua. Nilifungua mdomo tena bila kujua nitasema nini, na kilichotoka ni kile nilichokuwa nimekisikiliza kibandani mpaka nikakijua kwa pumzi zake. "Mmelima nyinyi? Mmepalilia nyinyi? Mlikuwa wapi maji yalipojaa?" Niliutoa wote, kwa mpangilio niliouweka mwenyewe, na mahali mama anapovuta pumzi nami nikavuta. Nilipofika kwenye matumbo kama kidole sauti yangu ilipasuka katikati ikawa mbili. Bonde zima lilisikia. Nadhani hakuna aliyegeuka.

Kundi likanyanyuka, likapinda, likaelekea upande wa tuta.

"Shangazi!" nikapiga. "Wanakuja kwako!"

"Eeeh! Hapo sawa!" alijibu, na papo hapo nikasikia debe lake, na mwenye dungu la mbele yake akiambiwa na yeye ajiandae, na sauti ikaendelea kwenda dungu kwa dungu mpaka sikuisikia tena.

Nyuma yangu simu ilikuwa imemaliza kufunguka. "Nendeni kwenu mkalime!" ikasema, kwa utulivu, baada ya wote kuondoka.

Jioni niliifuta programu ya kufagia. Nataka kueleza vizuri hapa, maana watu bado wananiuliza. Siku ya pili nilijaribu: simu ileile, sauti ileile, bila ufagio wowote, kioo kimezimika. Mama wa kwenye spika alipiga kelele tangu asubuhi mpaka baada ya alasiri kwa chaji moja, wakati kwa ufagio alikuwa hafiki adhuhuri. Kilichokuwa kinakula chaji ni kule kuua na kufufua. Programu iliyotulia nyuma ya kioo ni kama kuku aliyeatamia: humwoni akifanya kitu, na hagusi mtama wako. Ukimfukuza kiotani ili banda lionekane safi, atarudi, na kurudi kwake ndiko kunakomtia njaa. Na ufagio wenyewe hauachi kukesha ukiangalia nani amebaki wazi, nao pia unakula. Simu ina akili yake ya kupunguza kisichohitajika nafasi ikibana. Siku hizi nafunga kwa mkono kitu kimoja tu, kile kilichoganda na kukataa kujibu.

Nililijua hilo bondeni, nikiwa nimepoteza kona ya shamba la mama. Lilikuwa limeandikwa mahali pengi. Nilipoanza kujifunza nilikutana nalo, nikaliruka, kwa sababu halikupendeza.

Sikurudi Kibiti mpaka mavuno. Kwa siku chache za mwanzo simu ilitosha. Tulipokwenda kuswali au kula, ilibaki ikiamia. Kisha ndege wakaizoea. Mnana mmoja alitua juu ya spika yenyewe, akakaa akisikiliza anaambiwa hasemi bismillahi, akajisafisha bawa. Tukagawana: simu ilichukua saa za jua kali, ambapo hata ndege ni wavivu, na mimi nikachukua asubuhi na jioni. Koo liliniuma, kisha likazoea. Shangazi alisema sauti yangu ni nyembamba lakini inachoma. Ni sifa nzuri kuliko zote nilizopata kwake.

Mama alikaa pembeni yangu, mdomo umefungwa, akisikia sauti yake mwenyewe kutwa nzima kutoka chini ya dungu. Mara nyingine uso wake ulikunjamana, nikadhani koo linamuuma.

Tulivuna shamba lote isipokuwa ile kona, ambayo tuliiacha imesimama. Magunia yalikuwa pungufu kuliko mwaka uliotangulia, si kwa kiasi cha kulala njaa. Siku tuliyokuwa tunafunga gunia la mwisho, mimi nikikaza kamba kwa mara ya tatu, mama akakohoa kidogo. Kisha akasema, kwa sauti ya mkwaruzo kama mlango wa zamani, maneno yake ya kwanza baada ya kimya chote kile.

"Ile ya bismillahi umeiweka mapema mno."

Niliacha kamba.

"Ya bismillahi ni ya mwisho," alisema. "Kwanza unawauliza kazi, halafu unawaambia tabia, halafu ndiyo dini. Na ile ya matumbo umenikata pumzi. Mimi nilikuwa na pumzi zaidi ya ile." Akapapasa koo. "Nimeisikiliza mwezi mzima, mwanangu, sina pa kusemea."

"Wifi amepona!" shangazi alipiga kelele kutoka upande wa pili wa tuta, akiwa kwenye magunia yake.

"Na wewe, tuta hujapalilia!" mama akajibu, na sauti ikamkatika.

Gunia langu liliandikwa jina kwa kalamu nyeusi kama kawaida. Nilirudi nalo Kibiti, nikafungua kibanda. Wateja bado wanaleta simu nzito. Nawaambia waziache zilivyo, na wengi hawaridhiki. Wanataka mduara uzunguke, wanataka kupongezwa. Wachache huenda kibanda kingine.

Simu ile ya zamani nimeirudisha kibandani, naitumia kwa matangazo. Nimepanga upya, ya bismillahi iko mwisho. Mama ameisikiliza, amesema kuna mahali bado. Iko wazi nyuma ya programu nyingine, sijaifunga. Mara nyingine nikichomeka spika haraka haraka naigusa bila kukusudia, na mtu aliyesimama kusubiri nakala ya cheti chake anaulizwa kwa sauti kubwa kama amelima. Mzee mmoja wiki iliyopita alivua kofia, akaitazama mashine, akajibu kwamba mwaka huu hakuwahi.